Kofia za kale za Kijerumani: nembo isitupumbaze

Askari hutambulikana kwa kofia yake kabla jina lake halijajulikana. Ndiyo maana sisi tuvaao sare hatuwezi kuitazama kofia ya jeshi, hata iwe ya jeshi lililokwisha kuvunjwa, kama tunavyoitazama nguo ya mtumba. Kofia za Kijerumani, za enzi ya Kaisari na za enzi ya Hitler, zina wanunuzi wengi duniani, na penye wanunuzi wengi waghushi hawakosekani. Maoni yetu ni kwamba wanunuzi wengi hudanganywa kwa kuwa huanza kwa kutazama nembo, hali nembo ndiyo kitu chepesi kuliko vyote kughushi na kubandika. Kofia yapasa kuhojiwa kama shahidi, na mahojiano yaanzie ndani.

Tuchukue kofia ya askari wa kawaida wa Kaisari. Ilikuwa ya duara, haina ukingo wa mbele, imezungukwa na utepe wa rangi: mwekundu kwa askari wa miguu, mweusi kwa askari wa mizinga. Mbele ilikuwa na beji mbili ndogo za duara. Ya juu ilikuwa ya Dola nzima, yenye rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Ya chini ilikuwa ya nchi alikotoka askari, kwa mfano nyeusi na nyeupe kwa Prussia, au nyeupe na buluu kwa Bavaria. Lakini beji ya Dola iliongezwa mwaka 1897. Basi muuzaji akituletea kofia yenye beji zote mbili, akaapa kwamba ilipigana na Wafaransa mwaka 1870, hapana budi tumwulize: ni kofia iliyo changa kuliko hadithi yake, au ni beji iliyowekwa baadaye? Mwamba ngoma huvutia kwake.

Ndani ya kofia za namna hiyo, juu ya bitana, mara nyingi huonekana muhuri wa bohari ya mavazi: herufi B.A., nambari ya Kirumi ya kikosi kikuu, kisha mwaka. Wino uliokaa miaka mia moja umenywewa na kitambaa. Wino ulioketi juu ya nyuzi kama rangi iliyopakwa juzi hauna budi kutiliwa shaka.

Kofia za enzi ya Hitler ndizo zenye hila nyingi zaidi, kwa kuwa ndizo zenye bei. Rangi ya kigwe kilichoshonwa pambizoni ilieleza kazi ya askari: nyeupe kwa askari wa miguu, nyekundu kwa mizinga, waridi kwa vifaru. Tai mwenye msalaba wa Kinazi aliingizwa katika sare ya jeshi mwaka 1934. Sasa, baada ya vita watu wengine walichukua kofia za wazima moto, za walinzi wa misitu, hata za jeshi la Ujerumani Mashariki lililokoma mwaka 1990, wakazibandika tai huyo. Kofia ni ya kale kweli, kitambaa ni cha Kijerumani kweli, lakini ushahidi wake ni wa uongo. Dawa yake ni kutazama nyuma ya nembo. Je, pana matundu mengine yasiyo na kazi? Je, kitambaa kilichofunikwa na nembo kimehifadhi rangi kwa umbo la tai, au kwa umbo la kitu kingine kabisa?

Uzi nao husema. Poliesta iligunduliwa Uingereza mwaka 1941 na ikaingia sokoni baada ya vita. Kipande kidogo cha uzi wa mshono, kikichomolewa kwa idhini ya mwenye mali na kuchomwa mbali na kofia, hutoa jibu: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayovunjika, bali poliesta huyeyuka ikawa tone gumu. Wako pia wanaotumia taa ya urujuanimno, kwa sababu dawa za kung'arisha nguo zilienea katika sabuni baada ya vita na hung'aa chini ya taa hiyo. Hata hivyo kofia halisi iliyofuliwa mwaka jana kwa sabuni ya unga nayo yaweza kung'aa. Taa hiyo huleta shaka tu, haitoi hukumu.

Jasho ni gumu kuigiza. Mkanda wa ngozi wa ndani hukolea weusi penye paji la uso, si kila mahali kwa kiasi kimoja kama ngozi iliyochovywa katika chai.

Huenda msomaji akauliza mambo haya yatuhusu nini. Yatuhusu. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani Tanganyika, Rwanda na Burundi, maelfu ya Waafrika walivaa kofia ya kaki iliyofanana na tarbushi, yenye tai wa madini mbele na kitambaa cha kufunika kisogo. Wa mwisho wao walisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Wengi hawakuacha barua wala picha. Kofia ya uongo ikiwekwa katika jumba la makumbusho, watoto wetu watafundishwa mambo ambayo babu zao hawakuyaona. Hatuna ugomvi na nakala iliyotengenezwa kwa ajili ya sinema na kuuzwa kwa jina la nakala. Ugomvi wetu ni na yule anayeisugua kwa msasa na kuiita ya marehemu mjomba wake.

Kwa ndugu zetu polisi watakaopokea malalamiko ya namna hii: kofia isifuliwe, isipigwe brashi, na nembo isibanduliwe kabla ya mtaalamu kuiona. Ifungwe katika karatasi safi, si mfuko wa nailoni unaotunza unyevu, na maneno ya muuzaji yaandikwe siku ile ile, maana hadithi hubadilika upesi kuliko kitambaa.