Mwaka wa Tatu Gereji, Bado Wampa Fundi Spana?

Kijana, tuulizane kitu. Kama huu ni mwaka wako wa tatu gereji na kazi yako bado ni kuosha injini, kumpa fundi spana na kutumwa chai, wajifunza kazi au watumika tu?

Vijana wengi mtaani wako hivi. Hakuna karatasi, hakuna tarehe ya kumaliza, hakuna mtihani. Siku bosi akiamka vibaya anakwambia kesho usirudi. Unatoka na grisi mikononi na huna cha kumwonyesha mwajiri mwingine. Halafu mabosi hao hao ndio wa kwanza kulalamika ati vijana wa Pwani hawana ujuzi. Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa. Fundi naye lazima kuna mtu amuunde.

Na sheria ya kumuunda iko. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, Sura ya 237, inamtambua mwanagenzi. Ni mtu aliyeingia mkataba wa maandishi na mwajiri: yeye anafanya kazi, na mwajiri naye analazimika kumfundisha. Soma tena hapo mwisho. Mkataba unafunga pande zote mbili. Mamlaka inayosimamia haya ni NITA, na ina kituo hapa hapa Mombasa.

Bosi atasema gharama. Haya, tupige hesabu. Kila mwajiri anatakiwa kulipa ushuru wa mafunzo, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Mwenye wafanyakazi 20 analipa 12,000 kwa mwaka. Akiendesha mafunzo yaliyoidhinishwa, anaweza kuomba NITA imrudishie sehemu ya gharama. Anayelipa na hafundishi mtu, pesa zimeenda na fundi hana.

Mpango wenyewe si lazima uwe mkubwa. Hata gereji ya mafundi watano inaweza kuchukua mwanagenzi mmoja. Inahitaji mambo haya:

1. Orodha ya kazi. Miezi ya mwanzo sevisi na breki, kisha injini, kisha umeme wa gari. Kila mtu ajue kijana amefika wapi.

2. Mkataba. Uandike muda, saa za kazi, nafasi ya swala, na malipo yanayopanda kila mwaka.

3. Mwalimu. Fundi mmoja atajwe kwa jina, na alipwe kitu kwa kufundisha. Fundi anayelipwa kwa magari anayotengeneza tu atakuficha ujuzi, kwa sababu kila dakika anayokuelekeza ni pesa inayompita.

4. Daftari. Ukishaweza kazi moja, fundi atie sahihi.

5. Siku moja kwa wiki katika chuo cha ufundi cha kaunti, ili ujue kwa nini kitu kinafanya kazi, si vipi kinafunguliwa tu.

6. Mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia Gredi 3 hadi Gredi 1. Cheti hicho utatembea nacho popote.

Ujerumani wamefanya hivi miaka mingi. Kijana anakuwa chuoni siku moja au mbili kwa wiki, siku zilizobaki yuko kazini na analipwa, na mafunzo huchukua miaka 2 hadi 3 na nusu. Mtihani wa mwisho hausimamiwi na bosi wake. Unasimamiwa na chemba za biashara na za mafundi. Hapo ndipo siri ilipo, kwa sababu bosi akiwa ndiye peke yake wa kusema umeiva, anaweza kukuweka mbichi miaka kumi.

Kuna bosi atasema, "Nikimfunza ataondoka." Kweli, wengine wataondoka. Lakini asiyefunzwa akibaki, ndiye atakayeharibu gari la mteja. Na kijana anayejua mwaka ujao atafundishwa nini na atalipwa ngapi hana haraka ya kukimbia.

Sasa wewe fanya nini? Kabla hujaanza kazi popote, iwe gereji, karakana ya kuchomelea vyuma au duka la cherehani, uliza maswali matatu kwa adabu: Nani atanifundisha? Nitamaliza lini? Nitafanya mtihani gani? Dada zangu, maswali haya ni yenu pia, na umeme wa gari hauchagui. Wazazi, mnapompeleka mtoto kwa fundi, msimkabidhi kwa mdomo tu. Na kama kazi waijua tayari ila huna karatasi, nenda NITA ujiandikishe kwa mtihani. Ujuzi ulioupata kazini unakubalika.

Bosi akikasirika kwa kuulizwa, amekujibu tayari. Tafuta kwengine.