Asumini Haina Hatia

Ndugu zangu wa ukoo, mlioko Maskati, Dubai, London na kwengineko,

Imezuka kauli katika jamaa zetu isiyofaa kunyamaziwa. Kila kichaka cha asumini kinapogeuka manjano katika nyua zetu za hapa Omani, husemwa: "Mti huu unalilia Unguja, huku hautaki." Likishasemwa hilo, hufuata la pili: ung'olewe, pawekwe vigae na banda la gari. Hukumu hiyo sasa imetolewa juu ya asumini ya marehemu mama yetu, aliyoipanda mwaka 1974, alipokwisha kurejea pamoja na wengi walioitikia mwito wa Sultan Qaboos. Naipinga hukumu hiyo mwanzo wake na mwisho wake.

Kwanza nasaba. Asumini si mzalia wa Unguja. Asili yake ni Bara Hindi, na jina lake tumelipokea kutoka kwa Waajemi na Waarabu. Ilivuka bahari kama walivyovuka wazee wetu, ikapandwa na kutunzwa, mpaka harusi ya Kiunguja ikawa haitimii bila kikuba. Mti uliokwisha kuhama mara moja utaambiwaje kuwa hauhamiki? Na huo "udongo wa Unguja" mnaoutaja ni upi? Upande wa magharibi udongo ni wa kina, upande wa mashariki ni maweni matupu. Wazee wetu walijua kutofautisha, wala hawakuyaita mawe mapenzi ya nchi.

Pili dalili. Litazameni jani kabla ya kuhukumu. Majani machanga yakiwa manjano na mishipa yake ikabaki kijani, hiyo ni njaa ya chuma. Chuma kimo udongoni, lakini udongo wetu una chokaa nyingi, na kipimo chake cha pH mara nyingi hufika 8 au hupita. Katika hali hiyo chuma hufungika, mizizi isiweze kukitwaa. Yakianza kugeuka majani makongwe ya chini, huenda mti umekosa naitrojeni. Ncha za majani zikikauka kama zilizochomwa, shukuni chumvi ya maji ya kisima. Hayo ni maradhi matatu na kila moja lina dawa yake. Hakuna hata moja liitwalo kulilia Unguja.

Tatu dawa za kubahatisha. Wako wanaofukia misumari yenye kutu, na kutu ni chuma kile kile kilichokwisha kufungika. Wako wanaomimina maji asubuhi na jioni bila kugusa udongo, mizizi ikakosa hewa na manjano yakazidi. Wako wanaonyunyiza salfa kidogo, nayo chokaa ikaimeza isibadilike kitu. Kisha hao hao husema, "Tumejaribu kila njia."

Linalofaa lajulikana. Ipo cheleti ya chuma ya aina ya EDDHA, isiyoharibika upesi katika udongo wa chokaa. Huyeyushwa katika maji na kumwagwa shinani kwa kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti. Ile ya EDTA haifai kwa udongo wetu, basi someni kabla ya kulipa. Hata hivyo dawa hii hutuliza tu, haigeuzi udongo, na lazima irudiwe. Tiba ya kudumu ni chungu kikubwa chenye matundu chini, kilichojazwa mboji na makumbi ya nazi yaliyooshwa chumvi, kikawekwa penye jua la asubuhi na kivuli cha adhuhuri. Kuhamisha kufanywe joto likishavunjika, mwezi wa Novemba, wala si Juni. Na kabla ya kuugusa mti mkongwe, vikatwe vipandikizi na vioteshwe, ili ukifa usife na kizazi chake.

Mtaniuliza, ya nini makelele yote haya kwa kichaka kimoja? Ni kwa sababu hukumu hii naisikia pia mahali pengine. Husemwa vivyo hivyo juu ya wajukuu: "Hawa Kiswahili hawakitaki." Nani aliwasemesha? Nani aliwasimulia hadithi kabla ya kulala, akawaita kwa majina ya nyumbani, akawasahihisha bila kuwacheka? Tunamweka mtoto katika udongo usiokuwa na neno letu hata moja, kisha twamlaumu kwa kutochanua. Kulaumu mche ni rahisi kuliko kutengeneza udongo, na ndiyo sababu kauli hii inapendwa.

Nimefanya ukarani maisha yangu yote, nami najua kuwa jalada halifungwi kabla ya kusomwa. Jalada la asumini hii bado halijasomwa. Basi mwenye jembe aliweke chini mpaka Novemba ije na kupita. Dawa nitainunua mimi, chungu nitakinunua mimi, na kila nyumba ya ukoo itapata kipandikizi chake. Majani mapya yakitoka manjano baada ya hapo, nitanyamaza, nanyi mjenge banda lenu.