Mshumaa Chini ya Bilauri

Katika masomo ya Sayansi ya shule za msingi ni vigumu kupata jaribio linalopendwa kuliko lile la mshumaa. Mwalimu husimamisha mshumaa katikati ya sahani yenye maji, huuwasha, kisha huufunika kwa bilauri. Mwali huzimika, maji hupanda ndani ya bilauri, na ubaoni huandikwa kwamba oksijeni, ambayo ni moja ya tano ya hewa, imekwisha, na maji yameshika mahali pake. Ni kweli kwamba oksijeni ni kama asilimia 21 ya hewa. Lakini jaribio hili halithibitishi jambo hilo, na kwa maoni yangu mwanachuo yampasa aache kulitumia kwa kusudi hilo.

Hebu mwanachuo alifanye peke yake kwanza na atazame kwa makini. Mshumaa uwakapo maji hupanda kidogo tu, au hayapandi kabisa. Pengine mapovu huonekana yakitoka ukingoni mwa bilauri. Maji hupanda kwa ghafla mwali unapofifia na kuzimika. Kama yangepanda kwa sababu ya oksijeni kutumika, yangepanda taratibu tangu mwanzo. Kinachotokea hasa ni kwamba hewa iliyopashwa moto hutanuka na sehemu yake hutoroka. Iliyobaki inapopoa husinyaa, na kanieneo ya hewa ya nje huyasukuma maji ndani. Tumia mishumaa mitatu badala ya mmoja, na maji yatapanda zaidi, ingawa oksijeni ya bilauri haikuongezeka. Mtoto mwepesi wa kutazama atayaona haya na kuuliza. Mwalimu aliyekariri atamnyamazisha, na hapo Sayansi itakuwa imegeuka kuwa jambo la kuamini tu.

Isitoshe, oksijeni haikwishi. Mshumaa huzimika oksijeni inapopungua hadi kufikia kama asilimia 16, na panya aweza kuendelea kuishi katika hewa hiyo hiyo kwa muda. (Hilo lisijaribiwe darasani, kulieleza kunatosha.) Mtoto aliyefundishwa kwamba oksijeni ama ipo ama haipo amenyimwa wazo kubwa zaidi, yaani kwamba moto na uhai hutegemea kiasi chake. Ndiyo sababu husikika watu wakisema kwamba kileleni mwa Kilimanjaro hakuna oksijeni. Uwiano wake huko ni ule ule wa asilimia 21. Ila katika kimo cha mita 5,895 kanieneo ya hewa ni kama nusu ya ile ya pwani, hivyo kila pumzi huingiza kama nusu ya oksijeni. Mpandaji hulazimika kwenda polepole kwa siku kadhaa ili mwili wake uzoee.

Kiasi hicho hakikuwa hivyo siku zote. Kabla ya miaka bilioni 2.4 hivi iliyopita hewa ya dunia ilikuwa karibu haina oksijeni. Viumbe vidogo vya majini, jamii ya bakteria, vilianza kuitoa kwa msaada wa mwanga wa jua, lakini chuma kilichoyeyuka baharini kiliidaka na kuzama kama kutu. Matabaka ya chuma ya Hamersley, magharibi ya Australia, ni masalio ya bahari za namna hiyo. Baadaye sana, miaka milioni 300 hivi iliyopita, wataalamu wengi wakadiria kwamba oksijeni ilikaribia asilimia 30. Nyakati hizo aliishi mdudu Meganeura, mfano wa kerengende, mwenye mabawa ya upana wa sentimita 65 hivi. Bado wanabishana kama oksijeni peke yake ndiyo iliyomkuza.

Kutu hiyo hiyo ndiyo itufaayo darasani. Chukua nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, za aina inayoshika kutu. Zioshe kwa siki ili mafuta yatoke, zisukume hadi kwenye kitako cha bilauri ndefu, kisha ifudikize bilauri katika bakuli la maji. Hapana moto, kwa hiyo hapana hewa ya kutanuka na kutoroka. Bandika nje ya bilauri karatasi iliyogawanywa sehemu tano sawa, na watoto waandike kila asubuhi maji yamefika wapi. Yatapanda polepole kwa siku chache, kisha yatasimama karibu na alama ya kwanza, hata kama chuma kisichoshika kutu bado kipo. Hapo waulizwe ni nini kilichobaki ndani. Kabla hawajajibu, bilauri izibwe kwa kipande cha kioo, igeuzwe, na kijiti kinachowaka kitumbukizwe.