Rangi ya bahari kwa boti ya Kasenga? Hapana

Lubumbashi. Siku hizi katika madepo ya rangi hapa mjini kuna kopo moja linalosifiwa kuliko mengine yote. Ni rangi nyekundu ya kupaka chini ya boti, upande unaolala ndani ya maji. Wauzaji wanasema ukiipaka, hakuna kitu kitakachojishika kwenye tumbo la boti, boti itakimbia, mafuta ya motere yatapungua. Mimi ninasema hivi: kwa boti ya Luapula, ya Moero au ya Tanganyika, rangi hiyo ni pesa iliyotupwa majini, na sumu inatupwa pamoja nayo.

Ninaandika leo kwa sababu kuna watu wanaokaribia kuinunua. Ni familia za wahami. Zingine zilikimbia upande wa Pweto, zingine zilishuka ziwa kwa boti mwaka 2025, baada ya Goma na Bukavu kuanguka, zikapita Kalemie mpaka zikafika huku kwetu. Wamechanga franga kwa franga ili watengeneze boti moja ya mbao huko Kasenga na kurudia kazi wanayoijua, yaani kuvua. Niliwakuta wakihesabu bei ya makopo mawili. Makopo hayo yangekula pesa ya mbao, ya misumari na ya pamba. Baba mmoja akaniambia: "Yaya, muuzaji amesema bila rangi hii boti italiwa ndani ya mwaka mmoja."

Italiwa na nani?

Baharini, ndiyo, inaliwa. Kule kuna vidudu vyenye ganda gumu kama chokaa vinavyojibandika kwenye mbao kwa maelfu, mpaka chombo kinakuwa kizito. Kuna na mdudu anayetoboa mbao kutoka ndani, nje huoni kitu. Mafundi wa majahazi wa Lamu na Unguja walipigana navyo miaka mingi kwa deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa, wakipaka chini ya chombo, na juu wakipaka sifa, mafuta ya papa. Waingereza wao walipigilia mabamba ya shaba: jeshi lao la majini lilianza kujaribu mwaka 1761 kwenye meli Alarm. Rangi nyekundu ya leo ni mtoto wa mabamba yale. Ndani yake kuna shaba iliyosagwa, inayotoka polepole na kuua kila kichanga kinachotaka kujishika. Mtu wa Mombasa akiinunua sitamcheka.

Lakini wadudu hao ni wa maji ya chumvi. Luapula haina chumvi. Moero na Tanganyika ni maji ya kunywa. Chini ya boti iliyolala Kasenga utakuta utelezi wa kijani. Dawa yake ni burashi ngumu na mikono miwili. Vuta boti mchangani, iache juani siku mbili, utelezi unakauka na kubanduka wenyewe. Kila mvuvi anajua hilo. Muuzaji wa mjini ambaye hajawahi kulowana magoti hajui.

Na boti za chuma? Adui wao ni kutu. Kutu inazuiwa kwa kukwangua vizuri na kupaka rangi ya kuzuia kutu. Ukipaka shaba moja kwa moja juu ya chuma kitupu, kutu inakimbia zaidi, na aluminiamu ndiyo inaharibika vibaya kabisa. Watu wa Kalemie wanaijua Liemba. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, mitambo yake wakiwa wameipaka grisi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena. Miaka 8 chini ya Tanganyika, halafu ikabeba watu miaka mingi mingine.

Muuzaji ana neno lake tamu: "Hii ni shaba yetu, ya Katanga." Inawezekana. Nchi yetu ni ya pili duniani kwa kutoa shaba, nyuma ya Chile. Inapita Kasumbalesa ndani ya malori usiku na mchana, na ikirudi ndani ya kopo tunailipa kwa dola. Sioni cha kujivunia hapo. Na sisi wa Lubumbashi ndio wa mwisho wa kuambiwa kwamba shaba ndani ya maji si kitu. Novemba 2025, bwawa la maji machafu la kiwanda kimoja liliachia, maji yakaingia mitaani. Hatuhitaji profesa.

Shaba inaua samaki wachanga na konokono. Kuna mmoja alinijibu kwamba ni vizuri, konokono ndio wanaleta bilharzia. Ni kweli kwamba zamani dawa ya shaba ilimwagwa kwenye mifereji kuwaua konokono. Lakini rangi ya boti haichagui konokono wa ugonjwa na kuacha mayai ya samaki, na mama anayeteka maji ya kupikia bukari anayateka palepale ubavuni mwa boti. Tena tunajua kopo likiisha linakwenda wapi: linaoshwa, linakuwa la kutekea maji. Na vumbi la rangi ya zamani ikikwanguliwa, watoto wanacheza humo.

Wazungu wenyewe wamejifunza kwa hasara. Kule Ufaransa, katika ghuba ya Arcachon, rangi za boti zenye mchanganyiko wa bati ziliharibu chaza mpaka magamba yao yakapindika na wafugaji wakakosa mazao. Ufaransa ilizikataza kwa boti ndogo mwaka 1982, na tangu 2008 zimekatazwa na mkataba wa dunia nzima. Rangi za shaba zilichukua nafasi. Lakini Uswidi, nchi yenye maziwa mengi, hairuhusu rangi za sumu kwenye boti za maziwa yake yasiyo na chumvi. Wao hawataki, sisi tuuziwe?

Wazee wa hapa wanakumbuka mpumbu wa Luapula, samaki aliyelisha kambi za wafanyakazi wa migodi wakati mji ungali Élisabethville, Wagiriki wa Kasenga wakiwaleta kwa barafu. Walivuliwa ovyo wakati wa kuzaa, wakapungua mpaka wakakaribia kwisha. Hakuna aliyewarudisha.

Na tuseme ukweli kuhusu kinachoua watu majini. Oktoba 2024, Merdi ilizama ziwa Kivu ikikaribia Goma, imejaa watu kupita kiasi. Sijasikia mtu akisema ilizamishwa na utelezi.

Kwa hiyo, baba na mama wa kundi lile, pesa yenu ninaipanga hivi. Kwanza fundi wa kalafati, anayejua kusukuma pamba yenye mafuta katika kila ufa na kuifunga kwa lami. Pili misumari isiyooza haraka, kwa sababu msumari ukila kutu ubao unaachia. Tatu rangi ya mafuta ya kawaida, ndani na nje, mbao ikiwa kavu kabisa. Mkiharakisha mnafungia unyevu ndani na mbao itaoza. Burashi moja. Kinachobaki chote nunueni jile za kuokolea, kwa sababu mtabeba watoto, hata mkisema hamtabeba.

Kikao chao ni Jumamosi na nimepewa nafasi ya kuongea. Nimeomba muuzaji naye aje na kopo lake, aligeuze nyuma, aonyeshe watu wote ile picha ndogo ya mti mkavu na samaki aliyekufa, halafu atuelezee kwa Kiswahili maana yake.