Damu Hutaja Kiungo Kilichoumia

Alfajiri, vyombo vya wavuvi vinaporejea ufukweni Rumonge na shehena ya ndagala na mukeke, watu waliomo wamekesha Ziwani Tanganyika wakiwavuta samaki kwa mwanga wa taa na kuinua nyavu nzito. Mmoja wao ashukapo mchangani ameshika kifua, ni misuli iliyochoka au ni moyo? Mkewe aliyekuja na beseni hawezi kujua kwa kumtazama. Daktari naye, mara nyingine, hawezi.

Hapo ndipo vimeng'enya vinapofaa. Hivyo ni protini zinazoharakisha kazi za kikemia ndani ya chembe hai, na chembe ikiumia humwaga vimeng'enya vyake katika damu. La ajabu ni kwamba kimeng'enya kimoja chenye kazi moja huweza kuwa na maumbo kadhaa, na kila tishu ya mwili ina umbo lililozidi humo. Mwaka 1959, huko Marekani, Clement Markert na Møller waliyaita maumbo hayo isozaimu.

Kreatini kinasi, kwa mfano, huisaidia misuli kupata nguvu upesi. Kina vipande viwili, navyo ni vya aina mbili, M na B. Katika misuli ya mikono na miguu hukutwa karibu MM tupu. Katika ubongo, BB. Moyo nao una MM kwa wingi, ila umeipita misuli mingine kwa MB. Basi mvuvi aliyevuta wavu, au askari aliyekwenda mwendo mrefu na mzigo mgongoni, jumla ya kimeng'enya hicho yaweza kuwa juu mno ilhali moyo wake ni mzima. Hata sindano ya msulini huipandisha. MB ndiyo humfanya daktari aushuku moyo: huanza kupanda saa chache baada ya shambulio, na hurudi chini baada ya siku mbili au tatu.

Kimeng'enya kingine, laktati dehidrojenezi, kina vipande vinne na maumbo matano. Umbo la kwanza limejaa moyoni; la tano, katika ini na misuli ya viungo. Lakini umbo hilo la kwanza limo pia katika chembechembe nyekundu za damu, na malaria, ugonjwa usio mgeni katika tambarare ya joto kandokando ya ziwa, huzipasua chembechembe hizo. Hivyo homa yaweza kujifanya ugonjwa wa moyo kwenye karatasi ya maabara! Vimelea vya malaria navyo vina umbo lao wenyewe la kimeng'enya hicho, lisilofanana na la binadamu, na baadhi ya vipimo vya haraka hulitambua. Dawa ikiviua vimelea, umbo hilo hutoweka upesi.

Siku hizi hospitali zenye uwezo hupima zaidi troponini. Hiyo si kimeng'enya bali ni protini ya misuli, lakini kanuni ni ileile, kwani ya moyo ina umbo tofauti na ya mkono. Zahanati ndogo aghalabu haina kipimo hicho. Kwa hiyo maumivu ya kifua yaendayo begani au tayani, pamoja na jasho la baridi, hayangojwi nyumbani hata kama mtu ameshinda kazini, hukimbizwa hospitali. Huko daktari aelezwe mgonjwa alifanya kazi gani, alichomwa sindano wapi, na maumivu yalianza saa ngapi. Hili la mwisho ndilo watu wengi hulisahau, nalo lina uzito mkubwa: damu iliyotolewa mapema mno yaweza kuonekana safi, ikabidi itolewe tena baada ya saa chache.