Furu wa Nassa wafugwa sebuleni Ulaya

Kwa mvuvi wa Nassa, wilayani Busega, furu ni kitoweo au chambo cha sangara. Ulaya na Marekani hufugwa sebuleni, kwenye matangi ya vioo. Sangara, aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, alipoongezeka kwa kasi miaka ya 1980, aina nyingi za furu zilitoweka. Baadhi ya zilizo hatarini zimehifadhiwa huko.

Je, Nassa inaweza kuuza? Soko ni finyu. Jike hulea mayai mdomoni, vifaranga wengi hupona, na wafugaji hugawiana. Aliyekwisha pata mbegu haagizi tena!

Kuwarudisha ziwani nako kugumu: sangara bado yupo, na maji yakichafuka majike hushindwa kutofautisha rangi za madume, aina zikachanganyika.