MWALIMU MPYA ASITUPWE PEKE YAKE DARASANI

Ndugu Wakongomani, watu wa Butembo, wa Beni, wa Oicha na wa Lubero, na ninyi ndugu mnaochimba dhahabu kule Manguredjipa,

Tunawauliza swali moja. Nani kati yenu alimshusha kijana mgeni shimoni peke yake siku ya kwanza? Hakuna. Mgeni anatiwa nyuma ya mkubwa anayejua mwamba. Anaonyeshwa mti unaoshikilia udongo na mti uliooza. Shofere wa lori za Kasindi naye alianza kuwa konvoyeri. Fundi wa kushona katika soko la Butembo alikaa miezi mingi karibu na mkubwa wake kabla ya kukata kitambaa cha mteja.

Basi kitambaa tunakihurumia, na mtoto hatumhurumii?

Tazameni jinsi mambo yanavyokwenda. Kijana anamaliza masomo ya sekondari upande wa ualimu, anapita mtihani wa serkali, anapata diploma yake, ile tunayoiita D6. Ana miaka 18 ao 20. Alipokuwa angali mwanafunzi alifanya staji: alisimama mbele ya watoto kwa muda mfupi, mwalimu wake amekaa nyuma akiandika alama. Mwezi wa tisa anaitwa kazini. Mara nyingi anapewa darasa la kwanza, sababu wakubwa wanalikimbia. Direkta anampa chaki, programu ya taifa na kitabu cha kuita majina. Mlango unafungwa.

Ndani kuna watoto wanaosema Kinande nyumbani. Programu ya serkali inataka waanze kusoma kwa lugha ya taifa, na upande wetu lugha hiyo ni Kiswahili, halafu waingie Kifaransa. Lakini kijana huyu alijifunza ualimu wake kwa Kifaransa. Nani alimwonyesha namna ya kumtoa mtoto katika Kinande na kumfikisha kwenye silabi za Kiswahili? Ikiwa watoto ni sabini, nani atamwonyesha namna ya kusahihisha kaye sabini na bado kumwona yule aliye nyuma?

Watajibu: kuna inspekta. Tunajua. Inspekta anakuja, anaangalia karatasi za maandalizi, anaandika ripoti, anapanda pikipiki. Ripoti inakwenda juu, mwalimu anabaki chini na shida yake ile ile.

Wazee wetu wanakumbuka habari hii tangu zamani. Wakati wa Wabeligiji mwalimu mweusi aliitwa moniteri. Misioni zilishika shule, na mwalimu alichungwa. Kuchungwa si kukuzwa. Alipewa masomo madogo ili afundishe mambo madogo. Ndiyo sababu siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, katika Kongo nzima Wakongomani waliomaliza universite hawakufika 30, na serkali ililazimishwa kutafuta walimu ngambo, hata Haiti.

Tuliondoa jicho la bwana, na tulifanya vema. Lakini mahali pake hatukuweka mkono wa mkubwa. Tuliacha nafasi wazi, na ndani ya nafasi hiyo tunawatupa vijana wetu kila mwaka.

Katiba ya 2006, katika artikli ya 43, ilisema shule ya msingi ya serkali ni bure. Mwezi wa tisa wa 2019 serkali ilianza kutimiza neno hilo. Sisi tuliunga mkono, na tunaunga mkono hata leo, sababu mtoto wa mchimbaji na mtoto wa mjane wana haki sawa. Madarasa yalijaa. Lakini nani alitayarishwa kwa madarasa hayo? Hela za wazazi zilizokuwa zikimlisha mwalimu wa msingi asiye kwenye orodha ya mshahara zilikatazwa, na yeye alibaki kungojea orodha ya SECOPE, iliyogeuka baadaye kuwa DINACOPE. Serkali inamwita « nouvelle unité », NU kwa kifupi. Sikieni neno hilo, ndugu. Hawakusema mtu, hawakusema mwalimu. Wamesema hesabu mpya, tena hesabu isiyo na mshahara.

Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali dola milioni 800 kwa mpango wa elimu nchini mwetu. Tunauliza mbele ya watu wote: katika hela hizo, ni franka ngapi zilizofika kwa mwalimu mkubwa anayekaa karibu na mwalimu mpya?

Na kwetu shida imepita ya wengine. Tangu mwezi wa kumi wa 2014 watu wanauawa katika vijiji vya Beni. Tangu 2018 hadi 2020 Ebola ilitupiga. Wengi walikimbia Mbau na Eringeti, walimu wa zamani pamoja nao. Basi kijana wa miaka 19 anapofika katika shule ya namna hii, pengine hamkuti hata mkubwa mmoja wa kumwuliza. Mbele yake amekaa mtoto aliyeona baba yake akichinjwa, mtoto asiyesema neno tangu siku ile. Diploma haikumfundisha la kufanya. Akimpiga ili aseme, tutamlaumu nani?

Kuna walimu wakubwa wanaosema: « Sisi tulijifunza peke yetu, na wao wajifunze. » Ndugu zetu, tunawaheshimu, lakini mlijifunza kwa hasara ya nani? Waulizeni watoto wa mwaka wenu wa kwanza.

Wengine wanasema: « Cellule de base ipo. » Ni kweli. Kila shule inapaswa kuwa na mkutano huo, mwalimu mmoja anatoa somo, wenzake wanamsahihisha. Ni chombo kizuri. Lakini mahali pengi kimekuwa karatasi ya kutia sahihi. Jembe lililotundikwa ukutani halilimi.

Tena tuangalie tusidanganywe kwa jina zuri. Kenya waliwaajiri walimu wenye vyeti kwa jina la wanaojifunza kazi, wakiwalipa kidogo. Mwaka 2024 korti ya kazi ya Nairobi ilihukumu kwamba si halali. Kumfundisha mtu kazi kusiwe njia ya kumla jasho.

Kwa hiyo tunataka:

1. Kila mwalimu mpya apewe mkubwa mmoja kwa mwaka mzima. Mkubwa huyo asiandike ripoti juu yake. Mtu haonyeshi kidonda chake kwa anayemhukumu.

2. Wote wawili wapunguziwe saa, wapate kutembeleana darasani, na mkubwa alipwe kwa kazi hiyo.

3. Darasa la kwanza lisipewe mgeni aliye peke yake.

4. Mwalimu mpya alipwe tangu mwezi wa kwanza. Walimu waliogoma mwezi wa tisa wa 2024 wakidai dola 500 walikuwa na haki. Mwenye njaa hafundishwi, wala hafundishi.

Hayo tunaidai serkali, na hatutanyamaza. Lakini tusikae mikono kifuani tukingojea Kinshasa. Komiti za wazazi, ulizeni juma hili: katika shule yetu nani ni mwalimu mpya, na nani anakaa naye? Walimu wazee mliopumzika Butembo na Beni, ingieni tena darasani asubuhi moja kwa juma, mkae karibu na kijana. Madirekta, fungueni cellule de base iwe kazi, isiwe sahihi.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mchimbaji anajua: anayemwacha mgeni peke yake shimoni, siku udongo ukianguka hataweza kusema hakujua.

Uhuru na kazi!